Bab Zuwaila, Cairo: usipite chini tu, panda juu

Mara mbili nilipita chini ya Bab Zuwaila bila hata kuinua kichwa. Nilikwenda Cairo kumtembelea mdogo wangu anayesoma Al-Azhar, na njia yetu ya kwenda Khayamiya, kwa washona mahema, inapita hapohapo langoni. Mara ya tatu akanishika mkono. "Kaka, leo tunakata tiketi. Vitambaa havikimbii."

Lango ni la 1092. Lilijengwa na Badr al-Jamali, waziri wa makhalifa wa Kifatimi, mji ulipozungushiwa ukuta wa mawe badala ya ule wa kwanza wa matofali ya udongo. Malango ya ukuta ule yaliyobaki ni matatu: hili la kusini, na Bab al-Futuh na Bab al-Nasr kule kaskazini. Buruji mbili za mviringo zimeubana mlango huku na huku, na sehemu kubwa ya chini ya kila buruji ni mawe matupu, hamna chumba wala shimo. Adui angegonga mpaka achoke.

Kilichonishika zaidi ni mbao za mlango. Sisi Unguja misumari ya shaba ni pambo. Hapa aliyeumwa jino alikuja kugongomea msumari, au kulitundika jino lenyewe, apate shifaa, kwa kuamini kuna walii nyuma ya mlango. Ndiyo maana wenyeji waliuita pia Bab al-Mitwalli. Nilipapasa kwa kiganja, nikajikuta nalamba gego langu bovu.

Kijana mmoja alijitia kutuongoza. Akatuambia ile minara mirefu iliyo juu ilijengwa pamoja na lango, kisha akataka bakshishi. Siyo! Ile ni minara ya msikiti wa jirani, wa Sultani al-Muayyad, iliyopandishwa juu ya buruji zaidi ya miaka 300 baadaye. Sultani huyo kabla hajatawala alifungwa katika jela iliyokuwa papo hapo, akaweka nadhiri kuwa akinusurika ataigeuza msikiti. Akaitimiza. Tuman Bay, wa mwisho katika masultani wa Kimamluki, hakuwa na bahati hiyo: mwaka 1517 Selim wa Kiosmani alimnyongesha hapahapa langoni, watu wakitazama.

Ngazi za mnara ni kazi. Zinazunguka, giza, mabega yanakwaruza ukuta. Nilimulika kwa simu, na tulipokutana na mama anayeshuka ilibidi turudi nyuma vidato kadhaa. Juu pale, ala! Makuba, madishi ya televisheni, vibanda vya njiwa, halafu adhana ya alasiri ikaanza msikiti mmoja, ikadakwa na mwingine, mpaka sikujua niitikie ipi.

Nyota nne. Nenda na viatu vya mpira na chenji mfukoni, na mzee mwenye magoti mabovu mwache chini anywe chai. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile ngazi.