Hela ya Tabora ya 1916: usinunue kabla hujatazama hii

Karibuni tena. Leo sina simu wala spika ya kuwachambulia. Ngoja nisogeze kamera... mnaiona? Hii ni heller 20 ya Wajerumani, na ndiyo, neno letu "hela" limetoka humo humo.

Tazameni hapa chini, kuna herufi T. Sarafu za kawaida za koloni lao la Afrika Mashariki zilipigwa Berlin au Hamburg, zikawekwa A au J. T ni Tabora. Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani, sarafu mpya zikakatika, na mwenye rupia ya fedha akaifukia. Basi 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kupiga hela. Shaba ikaokotwa popote, hata maganda ya risasi za mizinga yakayeyushwa.

Sasa mguse huu ukingo. Huku mnene, huku kama umelambwa. Niiweke na mwenzake: hii taji kubwa, ile taji dogo. Msiogope, si feki. Mihuri yao ya kupigia sarafu ilikuwa zaidi ya mmoja. Na zilipigwa zaidi ya milioni, kwa hiyo mtu asikupigie bei ya kiwanja. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, hiyo ndiyo ya kiwanja.

Mimi linaloniweka macho ni hili taji. Rupia ya fedha ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm II mwenyewe, kofia ya tai kichwani. Hapa limebaki taji tupu. Septemba 1916 Wabelgiji wakaiteka Tabora. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake wakaendelea kupigana na kukimbia, wakavuka Ruvuma, Msumbiji, hadi Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Huko kwao Ujerumani mabaharia wa bandari ya Kiel wakaasi, na tarehe 9 Novemba 1918 Kaisari akaondolewa. Kesho yake yuko Uholanzi. Huku porini nani ajue? Tarehe 13 wanaingia Kasama wakipigania taji ambalo halina kichwa. Silaha waliziweka chini tarehe 25, Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Askari waliokuwa bado hai walikuja kulipwa malimbikizo ya mishahara yao miaka ya 1960. Miaka ya sitini, jamani!

Haya, ushauri wa kununua: chukua yenye rangi ya kahawia, chafu chafu. Hii ya pili niliagiza mtandaoni, muuzaji simtaji. Kwenye picha ilikuwa kahawia safi. Imefika inang'aa kama kitasa cha msikitini, kaisugua kwa ndimu na majivu mpaka herufi T imebaki kivuli. Nimemwandikia anirudishie pesa yangu.

Amejibu kwa kidole gumba.