Kibodi ya mashine ya CNC: niliyoikubali na nilizozikataa

Kibodi inayoendesha mashine yetu ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, ni ya waya, ya bei ya chini, na haina taa hata moja. Pembeni yake kuna pedi ndogo ya tarakimu, nayo ya waya. Zimenitosha, na sitafuti nyingine.

Karakana yetu iko Changamwe, Mombasa. Mashine ni ya mihimili mitatu na kazi yake kubwa ni nakshi za milango: vizingiti, fremu na mfaa (ule ubao wa katikati ya mlango), mara nyingi kwa mvule, na MDF, mbao za unga ulioshindiliwa, pale mteja anapotaka sura ya mlango wa Mji wa Kale kwa mfuko mwepesi. Kompyuta ni ya mezani, kuukuu, inatumia Mach3, programu ya kuiongoza mashine. Kibodi inayodumu miaka ofisini hapa haina maisha. Kuna vumbi la mbao, kuna jasho, kuna hewa ya chumvi. Kusi ikishaleta mvua za Aprili na Mei, vumbi la MDF hunywa unyevu na kugeuka uji chini ya vitufe.

Kibodi ya kwanza ilikuja pamoja na mashine, na haikuwa na waya. Hii ndiyo nataka niieleze vizuri, kwa sababu wauzaji huisifu sana. Kwenye Mach3, kichwa cha mashine unakisogeza kwa vitufe vya mishale, na kukipandisha au kukishusha ni Page Up na Page Down. Ukishikilia kitufe kinakwenda, ukiachia kinasimama. Kwa hiyo kompyuta inahitaji kupata habari mbili: umebonyeza, na umeachia. Ukiwa unaandika barua, hiyo ya pili ikipotea njiani utaona mstari wa herufi moja, utaufuta, basi. Kwenye mashine, kichwa hakisimami. Betri ilipoanza kulegea, mwanagenzi wetu aliachia Page Down na biti, yaani kisu kinachochonga, ikaendelea kushuka hadi ikazama kwenye meza na kukatika. Kibodi ile siku hizi iko kwa karani, anaandikia risiti.

Baadaye nikajaribu ya silikoni, ile inayokunjwa na kuoshwa bombani. Kwa vumbi haina mpinzani, lakini kuibonyeza ni kama kubonyeza unga wa chapati: kidole hakijui kimefika au hakijafika. Mtu anayesogeza biti karibu na mbao macho yake yako kwenye biti, hayako kwenye skrini, na kidole ndicho kinachomwambia kitufe kimeshika. Nikairudisha. Ya swichi za kimakanika, wanazopenda vijana wa michezo ya kompyuta, ina hisia nzuri kuliko zote. Tatizo ni swichi zilizokaa wazi. Unga wa msaji uliingia, kitufe kimoja kikaanza kujibu mara mbili kwa bonyezo moja. Kwenye chumba safi ningeichukua bila kufikiri.

Sasa natumia Logitech K120, kibodi ya utando ya kawaida inayopatikana karibu kila duka la kompyuta mjini. Imetengenezwa kuvumilia kumwagikiwa maji kidogo, na vitufe vyake vinarudi juu vyenyewe, unasikia. Juu yake tumetandika nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, ikichakaa tunabadilisha. Kitufe cha Windows nimeking'oa kabisa kwa bisibisi, maana menyu ikifunguka katikati ya kazi, mtu huanza kubonyeza ovyo kwa wasiwasi.

Lakini kilichobadilisha kazi ni ile pedi ya tarakimu. Zima NumLock: 4 na 6 zinakuwa mishale ya kushoto na kulia, 8 na 2 ni mbele na nyuma, 9 ni Page Up na 3 ni Page Down. Hakuna programu ya kuongeza. Unaishika mkononi, unasimama penye biti, unasogeza kichwa huku unaangalia kipande chako. Tumepaka 9 na 3 rangi ya kucha nyekundu, kwa kuwa hizo ndizo zinazovunja biti. Jambo moja: NumLock ikiwashwa bila mtu kujua, pedi inatoa tarakimu na mashine haisogei. Huudhi, ila heri hivyo kuliko kinyume chake.

Waya nao una mambo yake. Mwanzoni kibodi ilikuwa ikikatika kila tulipowasha mota ya kukatia. Inveta, kifaa kinachoilisha mota hiyo umeme, inatoa kelele za umeme, na waya wa USB ulikuwa umelala sambamba na waya wa mota. Tuliupitisha upande wa pili wa meza, tukauvisha pete ya feraiti, ya kuzuia kelele hizo, karibu na kompyuta, ikatulia. Wala usiunganishe waya juu ya waya ili ufike mbali. Kwa USB 2.0, mita 5 ndio mwisho.

Kitufe cha nafasi kwenye Mach3 kinasimamisha mwendo, na kwa ukubwa wake unaweza kukipiga hata kwa ngumi. Ila mota inaendelea kuzunguka. Hicho si kitufe cha dharura, hata kibodi iwe ya bei gani. Cha dharura ni kile chekundu cha kichwa cha uyoga, chenye waya wake peke yake, na kiwe mahali mkono unapofika bila kuvuka juu ya mashine.

Kwa anayekata alumini au chuma, ushauri wangu wa pedi haumfai. Yeye anasogelea kazi kwa sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo anunue gurudumu la mkono, lile lenye alama 100 kwa mzunguko, ambapo kila mgeuko mdogo ni hatua moja inayojulikana. Bei yake ni mara kadhaa ya kibodi na pedi zangu pamoja, na kwa nakshi za mbao sijaona haja yake.