Nimekagua bwawa la jua upande wa Katwe ya Kasese, Uganda: linafaa, ila si kwa kila mtu

Haya watazamaji, karibuni. Leo sikagui simu, nakagua shimo la maji. Mita 10 kwa 10, kina mita 2, chini limetandikwa plastiki nzito nyeusi. Natia mkono hapa juu: vuguvugu tu. Sasa nashusha kipimajoto kwa kamba... subiri... nyuzi 68! Na hakuna kuni wala umeme, ni jua tu.

Siri ni chumvi. Maji ya kawaida yakipata joto chini hupanda, joto likapotelea hewani. Haya ya chini yana chumvi kama asilimia 20, ni mazito, hayapandi ng'o. Juu kuna maji yasiyo na chumvi, na katikati chumvi inazidi kadiri unavyoshuka. Tabaka hilo la kati ndilo blanketi.

Bei? Shimo si kitu, chumvi ndiyo mtihani. Bwawa kama hili linakula tani 30 hivi. Ndiyo, tani! Hapa Katwe chumvi inavunwa ziwani, unaelewana na wenyewe. Ila msije mkavuta maji ya ziwa moja kwa moja: yana tope na rangi, na mwanga usipofika chini hakuna joto.

Joto linatolewa kwa bomba la plastiki lililozungushwa chini, maji safi yanapita ndani yake. Chuma msithubutu, mabomba ya kile kiwanda cha zamani cha chumvi hapa Katwe yaliliwa na kutu.

Ugali haupikiki, tuelewane. Lakini kuoshea vyombo vya maziwa, safi kabisa. Kule Bhuj, India, bwawa la mita za mraba 6,000 lilikuwa likipeleka maji moto kwenye kiwanda cha maziwa.

Kero sasa. Ukijani ukiota, giza. Dawa yake mrututu (salfeti ya shaba) kidogo. Chumvi nayo hupanda polepole, kwa hiyo juu unasuuza kwa maji yasiyo na chumvi, chini unaongeza ya chumvi. Upepo ukivuruga tabaka, umerudi mwanzo. Plastiki ikitoboka, migomba ya jirani imekwisha, na jirani atakuja na mwenyekiti wa kijiji. Halafu wekeni uzio, jamani: mtoto akizama humo ataungua.

Alama zangu: mwenye maziwa au samaki wa kukausha huku Kasese, 7 kwa 10. Wa Kampala, 2. Ukishalipia lori za chumvi, utaona hita ya jua ya kwenye paa ingekuwa nafuu zaidi.