Pikapu ya porini ya saizi ya kati: piga hesabu ya mzigo kabla ya kutazama tairi

Natumia dabo kabini ya dizeli yenye springi za mabamba nyuma, na nimeendesha nyingine kadhaa za daraja hilo. Mtu akiniuliza kama anunue, kwanza namuuliza atabeba nini. Nguvu ya injini karibu zote zinayo ya kutosha. Zinapotofautiana sana ni kwenye uzito, na hapo ndipo wanunuzi wengi hawaangalii.

Fungua mlango wa dereva usome kibao kilichobandikwa kwenye nguzo. Tuseme ukomo wa uzito, yaani gari pamoja na watu na mizigo yote, ni kilo 3,050 na gari tupu lina kilo 2,200. Umebaki na 850. Watu watano wa kilo 80 wanachukua 400. Bampa la chuma 60, winchi 40, kanopi 70, keria ya juu 30: hizo ni 200 nyingine. Zimebaki 250. Sasa funga tela la kilo 2,500. Kwa kawaida asilimia 10 ya uzito wa tela hukaa kwenye ndoano, yaani kilo 250. Basi, huna ruhusa ya kuongeza hata dumu la maji, na bodi la nyuma bado ni tupu! Wanaosema "gari langu linavuta tani tatu na nusu" mara nyingi hawajawahi kuifanya hesabu hii.

Ukizidisha, gari halilalamiki siku hiyo hiyo. Bushi zinaisha, shokapu zinavuja, na kibaya zaidi chasisi inapinda nyuma ya kabini. Hili hutokea hasa pale mzigo mzito unapokaa nyuma ya ekseli, halafu mtu ameweka mifuko ya upepo kusaidia springi. Mfuko unasukuma chasisi sehemu moja katikati, wakati springi ya mabamba inagawa mzigo kwenye ncha zake mbili. Gari linaonekana limesimama sawa, kumbe chuma kinaumia.

Kuhusu springi zenyewe, chagua kwa kazi. Ford Ranger Raptor ina koili (springi za kuzungushwa) nyuma badala ya mabamba na shokapu za Fox, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi inatulia kwa namna ambayo gari la mabamba likiwa tupu haliwezi. Gharama yake ni mzigo: inavuta kilo 2,500, wakati ndugu zake wa kawaida wanafika 3,500, na bodini pia inabeba pungufu. Kama kazi yako ni saruji na mabomba, achana nayo. Kama bodi lako hukaa tupu na unakimbia kwenye njia mbovu, ni nzuri mno.

Kwenye mawe na miinuko angalia mwendo wa kutambaa, yaani gari linavyoweza kwenda polepole bila kupoteza nguvu; namba ikiwa kubwa, linatambaa vizuri zaidi. Zidisha uwiano wa gia ya kwanza, wa difu na wa gia ndogo ya 4x4. Mfano 4.0 × 3.9 × 2.6 ni kama 40, na inatosha kwa watu wengi. Jeep Gladiator Rubicon ya gia za mkono inavuka 80, maana gia yake ndogo pekee ni 4 kwa 1. Ile imetengenezwa kwa ajili ya mawe hasa.

Difu loki ya nyuma, inayofunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, kwangu ni lazima. Mfumo wa kielektroniki unaobana breki ya tairi linaloteleza hufanya kazi baada ya tairi kuanza kuzunguka, na ukiung'ang'ania kwenye matope marefu breki zinapata moto. Loki inawahi. Ila uliza: katika baadhi ya magari, ukiwasha loki ya nyuma, ule mfumo wa kubana breki kwenye tairi za mbele unazimika. Jaribu kabla ya kulipa.

Kuinua gari, ishia milimita 50. Zaidi ya hapo pembe ya sivi jointi za mbele (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye tairi) inakuwa kali, mipira yake inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Tairi kutoka inchi 31 kwenda 33 nazo zinafanya kila mzunguko wa tairi usogeze gari mbali zaidi kwa asilimia 6 hivi: spidomita ikisoma 100 unakwenda 106, na gari linakuwa zito kuondoka. Mimi ningeweka tairi nzuri za saizi ya kiwandani na kompresa ya upepo. Kushusha upepo hadi psi 16 au 18 kwenye mchanga kunasaidia kuliko inchi mbili za kuinua. Ukitoka tu mchangani, jaza tena kabla ya kukimbia.

Kwa lililotumika, ingia uvunguni na tochi. Gonga chasisi juu ya ekseli ya nyuma, ambako matope hukaa na kutu huanzia ndani. Fungua nati ya kujazia oili ya difu: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yaliingia, mara nyingi kupitia kipumulio baada ya kuvuka mto difu ikiwa ya moto. Weka 4x4 ya gia kubwa, kisha ya gia ndogo, ukiwa kwenye udongo, kamwe si kwenye lami kavu. Ikikataa, shuku mota ya kubadilishia; isipotumiwa kwa miezi inaganda, na spea yake si rahisi.

Dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi zinahitaji safari ndefu za injini moto ili masizi yaungue. Kama safari zako nyingi ni za dakika kumi, litaziba, na dizeli isiyoungua inaweza kushuka kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti: oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho na kunuka dizeli inatosha kukufanya uondoke.