Glock 22 ya mtumba iliyotoka polisi: tazama ndani, achana na mikwaruzo

Kwa dola 329 nimepata bastola ya kazi ambayo ningeinunua tena kesho. Ni Glock 22, kizazi cha tatu, inayotumia risasi za .40 (upana wa inchi 0.40), na ilikuwa mikononi mwa polisi kabla ya kufika dukani. Mpya ingenitoa zaidi ya dola 500. Nafanya ulinzi wa usiku hapa Houston na silaha najinunulia mwenyewe, kwa hiyo sikuwa natafuta urembo.

Kwa nje haitamaniki. Rangi nyeusi imelika pande zote mbili za mbele ya slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola ikipigwa, mpaka chuma kinaonekana, na mpini una mkwaruzo mrefu. Mteja aliyekuwa pembeni yangu aliishika, akakunja uso, akairudisha mezani. Mimi hayo hayanisumbui, maana ni alama za ala ya kubebea bastola, si za risasi. Askari huichomoa bastola na kuirudisha kila siku ya kazi kwa miaka, lakini wengi huenda kupiga shabaha mara chache tu kwa mwaka, kutimiza masharti ya idara. Tena chuma cha slaidi ya Glock kimeimarishwa chenyewe dhidi ya kutu; rangi nyeusi iko juu tu, na ikitoka kinga bado ipo. Kinachonitia shaka zaidi ni slaidi iliyopuliziwa rangi upya huku magazini zake, yaani kasha za risasi, zimechakaa. Hapo mtu anaficha kitu.

Bastola haina mita ya kilomita kama gari. Matumizi yake utayasoma ndani, na duka linalokataa kukufungulia, ondoka. Kuna moja lilinikatalia, nikaaga. Hili lingine muuzaji alinitandikia kitambaa, akanipa na tochi.

Kwanza usalama: toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho, kisha ingiza kidole. Glock haina msamaha hapa, kwa sababu huwezi kuifungua bila kuvuta triga.

Ikishafunguka, nilimulika mtutu. Nilitaka mifereji iliyo safi na nisione kivuli cha duara mahali popote, kwa sababu duara hilo huonyesha mtutu umevimba. Nikatazama uso wa chuma unaogonga kitako cha risasi: ulikuwa na doa la shaba tu, na tundu la pini ya kufyatulia halijamomonyoka kingo. Silaha iliyopigwa maelfu kwa maelfu ya risasi huonyesha pale. Kisha kile kipande cha chuma ndani ya fremu kinachoufunga mtutu, pamoja na pini zake. Risasi ya .40 ina nguvu na huvitesa sana, kwa hiyo nilivikagua polepole kutafuta ufa. Sikuuona.

Jaribio la mwisho ni la springi. Nilipoiunga tena, ikiwa tupu, nilishikilia triga nyuma, nikaelekeza mtutu juu, nikavuta slaidi na kuiachia taratibu. Ilipaswa kurudi mpaka ifunge yenyewe, lakini ilisita mwishoni. Springi imechoka. Muuzaji aliona, akashusha bei kutoka 349. Springi mpya ni pesa ndogo na nimeshaibadilisha.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza, fanya haya haya mbele ya mnunuzi. Maneno ya "imepigwa kidogo tu" hayamsaidii mtu ambaye maisha yake yataitegemea.

Bei ni nzuri kwa sababu silaha hizi zimejaa. Risasi ya .40 ilitoka 1990 na polisi wa Marekani wakaipenda, lakini FBI iliporudi kwenye milimita 9 katikati ya miaka ya 2010, idara nyingi zikafuata na kubadilisha bastola zao. Kwa ndugu zetu walioko huku: ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni utajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua silaha, na kuchunguzwa rekodi, uwe na miaka 21, na fomu inauliza hali yako ya uhamiaji. Wenye viza za muda kwa kawaida hawaruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Usijaribu kuzunguka hapo.

Kasoro zipo. Inarusha mkono kuliko milimita 9, na risasi zake ni ghali zaidi. Anayeanza kabisa simshauri. Nukta za kulengea ni za tritiamu, gesi inayozifanya zing'ae gizani, ambayo hupoteza nusu ya mwanga kila miaka 12 hivi, na zangu gizani hazionekani. Kwa mlinzi wa usiku hilo ni kubwa, naagiza mpya. Nilipewa magazini tatu za risasi 15. Moja midomo yake, kingo za juu zinazoshika risasi, imepanuka, hiyo naitumia mazoezini tu.