.30-06 kwa elki: bega langu limeshaamua

Mwaka jana nilikwenda Colorado, Marekani, kuwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu, na bunduki ya kuazima ya .300 Winchester Magnum, risasi yenye nguvu na teke kubwa. Nakiri, nilivutwa na jina tu. Elki dume ana kilo 300 na ushei. Anamzidi tandala, ingawa kwa pofu haoni ndani. Nikajiambia mnyama mkubwa, risasi kubwa.

Kwenye uwanja wa shabaha, risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja, ungezifunika kwa kiganja. Kuanzia ya nne zikatangatanga. Mwenzangu hakusema kitu. Aliichukua bunduki, akanipa mgongo kidogo, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta triga: ka! Kumbe ametia ganda tupu. Lakini mtutu ulichovya chini kama kuku anayedonoa, na macho nilikuwa nimeshayafumba, kwa kuogopa teke tu. Aibu gani ile! Kesho yake mlimani nililala kifudifudi nikilenga juu ya mteremko, jicho karibu mno na darubini ya bunduki, teke likairudisha ikanipasua nyusi. Elki akaenda zake mzima.

Msimu huu nimerudi na .30-06 Springfield. Ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, nami nilikuwa nikiiona ya wazee. Natumia kichwa cha risasi cha greni 180, karibu gramu 12, cha shaba tupu, kwa sababu mfupa wa bega la elki ni mnene na kichwa laini kikiugonga kinaweza kusambaratika kabla hakijafika mapafuni. Pesa yako itie hapo kwanza, mabishano ya kaliba, yaani upana wa risasi, yangoje. Teke lipo, ila ni la mbuzi. Ile magnamu ni punda.

Kasoro ya .30-06 ni risasi kushuka njiani. Ukiirekebisha ipige palepale unapolenga kwa yadi 200, kwenye 300 imeshashuka inchi 8 au 9, na kwenye 400 karibu futi 2. Magnamu inanyooka zaidi. Mimi yadi 300 ndiyo mwisho wangu, kwa hiyo hainikoseshi usingizi.

Na 6.5 Creedmoor, risasi nyembamba zaidi yenye teke dogo? Colorado inaikubali, maana kwa elki wanataka kaliba isiyopungua inchi .24 na kichwa kisichopungua greni 85. Bega linaipenda. Ningempa anayeanza, kwa sharti amsubiri mnyama asimame ubavu. Dume akikugeuzia makalio, mwache aende.

Wangu alisimama ubavu, yadi 180 hivi, jua ndiyo kwanza linachomoza, mvuke ukimtoka puani. Nilimpiga nyuma ya bega. Akatembea hatua kama thelathini, akapiga magoti. Tulipomchuna tukakuta risasi imetokea upande wa pili. Kisha tukambeba mgongoni, vipande vipande, safari nne hadi kwenye gari, na kwa kazi hiyo sijaona kaliba inayosaidia.