Supachaja kwa bajeti ya Kampala: ipi ya kwanza, ipi uiache

Shilingi milioni 12, yaani zaidi kidogo ya dola 3,000, zinatosha kufunga supachaja, pampu inayoendeshwa na injini kwa mkanda ili kuisukumia hewa zaidi, kwenye gari la spoti la lita 2 hapa Kampala, na ikadumu. Zinatosha pia kuua injini nzima ndani ya wiki. Nimeona vijana wakimaliza fedha zote kwenye kifaa chenyewe, wakabaki na injekta, vinyunyizio vya petroli, za kiwandani zisizoweza kuilisha injini. Hewa inazidi, petroli inapungua, joto linapanda, pistoni inatoboka. Inaniuma kila ninapoiona injini iliyofunguliwa hivyo, kwa sababu fedha zilikuwepo ila ziligawanywa vibaya.

Kwa milioni hizo 12, mimi ningegawa hivi: supachaja 1.5, mabano, puli na mkanda 2, intakula (kipoza hewa iliyobanwa) na mabomba yake 1.5, injekta na pampu ya mafuta 2, kompyuta ya injini na kazi ya kutuni, yaani kuipangia kiasi cha petroli, 3.5, kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta laki 8. Laki 7 zinazobaki usiziguse, kuna kitu kitavunjika.

Kabla ya hapo, mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hizo milioni ni za kufanya ovahoo. Supachaja isubiri.

Jambo ambalo matangazo ya Japani na Marekani hayakuambii ni mwinuko wetu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yetu ni takriban asilimia 87 ya ile ya Mombasa. Toyota Altezza inayosifiwa kuwa na nguvu za farasi 210 ikifika hapa inakuwa imeshaacha zaidi ya farasi 20 njiani. Psi 2 tu (psi ni kipimo cha presha) za supachaja zinarudisha hewa ya pwani, hivyo psi 5 au 6 hapa utazihisi vizuri bila kuitesa injini ambayo haikuzaliwa na supachaja. Kumbuka pia kwamba kifaa hiki huzidisha hewa kinayoikuta. Seti iliyoandikwa psi 8 itakuonyesha kama 7 hapa. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia puli ndogo zaidi ili kipimo cha presha kisome 8. Usifanye hivyo. Siku utakayoshuka Mombasa kwa barabara, presha itapanda yenyewe, na kompyuta iliyotuniwa kwa hewa ya Kampala pekee itakosa hesabu ya petroli ya ziada.

Sasa, orodha yangu.

Nafasi ya kwanza ni Eaton M62 iliyotumika, kwa mwenye Altezza, Celica au Mazda Roadster. Hii ndiyo iliyokuwa kwenye Mercedes za mwanzo za 2.3 Kompressor, kama C230 na SLK 230, kwa hiyo unaweza kuipata kwa wauza spea za Mercedes au kuiagiza nje. Hesabu yake inapendeza. Injini ya lita 2 huvuta lita 1 ya hewa kila inapozunguka mara moja, na M62 nayo husukuma karibu lita 1 kwa mzunguko. Chagua puli zinazoifanya izunguke mara 1.4 kila injini inapozunguka mara moja, utapata karibu psi 5 kwa hewa yetu. Injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, supachaja itakuwa 9,800, mbali na kikomo chake cha karibu 14,000. Na nguvu inaanza chini kabisa, jambo linalosaidia kwenye msongamano wa Jinja Road ambako hakuna anayefika 7,000. Kwa injini ya lita 1.6 tafuta ndugu yake mdogo, M45, iliyokuwa kwenye MINI Cooper S ya 2002 hadi 2006.

Ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kuinunua, usiridhike na rangi. Izungushe kwa mkono. Rota, yaani mapanga ya ndani yanayosukuma hewa, zikikwaruza ukuta, iache. Tingisha shafti ya puli usikilize kama inacheza. Fungua kizibo cha oili yake, maana ina oili yake peke yake mbele, na wengi hawajui. Ikinuka kama kitu kilichoungua, iache. Chungulia mdomo wa hewa, mikwaruzo ya mchanga kwenye rota ina maana ilivuta vumbi bila filta nzuri. Vumbi letu la murramu litaimaliza iliyobaki.

Tatizo la M62 ni kwamba haina mabano ya gari lako. Hapo ndipo Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma, inapoingia. Peleka kwa fundi wa kukereza mwenye mashine, siyo wa kuchomelea pekee. Ya kwangu ya kwanza ilichomelewa vizuri kwa macho, lakini puli zilipishana milimita 3. Mkanda ulikatika kwenye barabara mpya ya Entebbe, ukazunguka waya wa senso. Mabano ya pili yalikatwa kwa bamba la chuma la milimita 12, puli zikanyooshwa kwa rula ndefu, na mkanda ule bado upo.

Nafasi ya pili: seti kamili iliyotumika yenye supachaja ya Rotrex, kwa mwenye Toyota 86 au Subaru BRZ. Inazidi milioni 12, lakini mabano yake yanakaa bila kubahatisha. Presha yake hupanda taratibu kadiri injini inavyozunguka, na hiyo ni neema kwa injini ambayo tayari ina uwiano mkubwa wa mgandamizo, 12.5 kwa 1. Ina mafuta yake maalumu, tangi lake na kipoza chake. Ukiweka oili ya injini umeiua. Muuzaji asipojua mafuta yalibadilishwa lini, ondoka.

Ya tatu ni SC12 na SC14 za Toyota wenyewe. Nazipenda kwa historia, SC12 ilikuwa kwenye 4A-GZE ya MR2, na SC14 ilifungwa hata kwenye Estima. Ila ni za zamani sana, utando wa rota unabanduka, na spea ni shida. Nunua ukiipata nzima na kwa bei ndogo tu.

Seti mpya nimeiweka ya nne kwa sababu ya fedha peke yake. Dola 4,000 hadi 6,000, kisha usafirishaji, ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Kwa jumla hiyo, uza gari lako uongeze kidogo ununue Impreza yenye turbo kutoka kiwandani. Mafundi wake wako kila kona ya Kampala.

Ya mwisho ni zile feni zinazouzwa mtandaoni kama supachaja za umeme kwa dola 50. Kuibana hewa ya injini ya lita 2 kunahitaji kilowati kadhaa. Kwa volti 12 hiyo ni mamia ya ampea, na altaneta yako hutoa kama 100. Feni ile itaziba njia ya hewa tu.

Siku ya kutuni, jaza tangi kwenye kituo unachojaza kila wiki, siyo petroli nzuri uliyoitafuta kwa ajili ya siku hiyo. Mwambie anayetuni asikilize kama injini inagonga, yaani mlio wa petroli kuwaka vibaya ndani ya silinda, ukiwa gia ya tatu na ya nne kwenye mlima, saa nane mchana, rejeta ikiwa imeshapata joto la foleni.